Re: Lile gari la Gion Matsuri linakataje kona bila usukani?

Mkuu, jibu fupi ni kwamba halikati kona, linaburutwa ubavu. Yale magari makubwa ya maandamano ya Gion Matsuri, tamasha la mji wa Kyoto, Japani, wanayaita hoko, yanafika mita 25 hivi kwenda juu na tani kama 12, na magurudumu yake ya mbao ni makubwa kumzidi mtu kimo ila hayageuki kushoto wala kulia. Sasa wakifika njia panda wanatandika mianzi iliyopasuliwa chini ya magurudumu, wanaimwagia maji iteleze, kamba zinahamishiwa pembeni, jamaa waliosimama mbele ya gari wanapunga mapepeo na kupiga ukelele, basi wote wanavuta kwa mpigo mmoja na dude zima linasota kidogo huku linayumba, linasimama, wanapanga mianzi upya, wanarudia mpaka likae sawa. Na wapiga filimbi na upatu wako huko huko juu wamekaa zao!

Halafu fremu yake haina msumari, ni mbao na kamba za majani ya mpunga tu, ndo maana inavumilia kutikiswa vile.

Ukienda tarehe 17 Julai, siku ya maandamano, wahi kona ya Shijo Kawaramachi, njia panda wanapoyageuza, mapema lakini, maana panajaa balaa.