Ampli ya besi yenye lampi: niibebe au niiache?

*Jambo sana Mzee Fundi. Mimi ni mpiga besi wa kwaya moja huku Kadutu, Bukavu. Miaka minne sasa tunachomeka besi kwenye mikisa ya kanisa, pamoja na maikrofoni za waimbaji, na sauti inatoka kama mtu anayeongea ndani ya bidoo la maji. Kamati imetoa dola 400. Nimepata ampli mbili. Moja ni Hartke HA3500 iliyotumika, kichwa tu, yaani haina spika, wati 350, dola 280; mwenyewe anaisifu kwamba ina lampi. Nyingine ni kombo mpya, ampli na spika ndani ya sanduku moja, ya wati 100, spika moja ya inchi 15, haina lampi, dola 390. Wenzangu wa gitaa wanasema besi bila lampi ni maiti. Bafle, yaani sanduku la spika, tunayo moja ya zamani, imeandikwa omu 8. Na umeme wetu unaujua mwenyewe. Nichukue ipi? – M., Kadutu*

Kijana wangu M., barua yako nimeisoma mara mbili. Lampi umeitaja mwanzoni kwa shangwe, bafle na umeme umevitupia mwishoni, kama mtu anayekumbuka chumvi watu wameshanawa mikono. Mimi ningeanzia huko mwishoni. Lakini najua hutanisikiliza mpaka tumalize habari ya lampi, basi tuimalize.

Ndani ya HA3500 mna lampi moja, 12AX7, ile ambayo Wazungu wa Ulaya huiita ECC83. Ni kichupa cha kioo cha kukuzia sauti, ukubwa wake kama kidole gumba. Kinakaa kwenye preampli, pale sauti ya besi inapoingia ikiwa bado changa. Zile wati 350 hazitoki humo, zinatoka kwenye transista za nyuma. Kwa hiyo yeyote anayekuambia ina nguvu kwa sababu ya lampi, mwitikie kwa adabu, halafu uendelee na safari yako. Ampli inayowafanya watu waote lampi usingizini ni Ampeg SVT ya mwaka 1969: wati 300, lampi 14, na kichwa peke yake karibu kilo 40. Nimewahi kusaidia kushusha moja kwenye gari, sokoni Nyawera. Kuipandisha Kadutu kwa miguu, siku ya mvua, udongo ukiteleza? Tafuteni kijana mwingine.

Sasa hako kalampi kamoja kana kazi gani? Piga waya wa E ukiwa wazi. Unatikisika mara 41 kwa sekunde. Bafle nyingi tulizonazo mjini haziwezi kuitoa hiyo 41 vizuri. Zinaisukuma kidogo na kuiacha ifie kwenye kitambaa. Lampi ukiisukuma kidogo inaongeza sauti ndogo ndogo juu ya ile noti: ya 82, ya 123, na kuendelea. Sauti hizo bafle inaziweza. Sikio likizisikia linajijazia lenyewe ile 41 iliyokosekana, na msikilizaji wa benchi la nyuma anaapa kwamba amesikia E nzito. Ndiyo maana watu husema lampi ina "joto". Wenzako wa gitaa hawajakosea kabisa, ila wanazungumzia gitaa, ambalo linataka kuungua. Besi ya kwaya, na hata ya sebene, inataka kusikika noti kwa noti. Ukiizidisha lampi, mwendo wako wote unageuka uji.

Uzuri wa hiyo Hartke ni kwamba mbele ina vitufe viwili vya preampli, kimoja cha lampi na kimoja cha transista, unachanganya mwenyewe. Nenda kwa muuzaji na besi yako, usikubali ya kwake. Zima ampli, iache ipoe. Kitufe cha transista kishushe hadi sifuri, cha lampi kipandishe nusu, halafu washa na uanze kupiga papo hapo. Mwanzoni usisikie kitu. Endelea kupiga. Baada ya sekunde ishirini au thelathini hivi sauti inaanza kuja, nyembamba, kisha inanenepa. Hiyo ndiyo lampi inayopata moto, na ndiyo ushahidi kwamba sauti yako inapita humo kweli. Ikitoka pale pale ulipowasha, kuna mtu amewahi kuiruka lampi kwa waya humo ndani. Uliza kwa nini.

Nakuambia haya kwa sababu nimewahi kuliwa. Zamani, bado nikipiga kwenye baa, nilinunua kichwa chenye kidirisha mbele, lampi inawaka rangi ya machungwa, nzuri kama jiko la makaa usiku. Nikakibeba hadi nyumbani nikiimba. Wiki ya pili nikakifungua. Nyuma ya lampi palikuwa na taa ndogo ya diodi, ndiyo iliyokuwa ikiwaka. Lampi yenyewe ilipewa volti arobaini tu, wakati 12AX7 kwenye saketi ya heshima hupewa 150, 200 na zaidi. Nikaichomoa, nikaweka nyingine mpya, hakuna kilichobadilika. Jina la ampli nalihifadhi, na aliyeniuzia tunasalimiana hadi leo. (Wewe usifungue. Volti hizo zinabaki ndani hata baada ya kuchomoa prizi, na hazina urafiki na mtu.)

Haya, tuje kwenye bafle. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyokinza umeme, na wati 350 za HA3500 ni kwa omu 4. Ukiiunganisha na bafle yako moja ya omu 8 hupati 350, unapata pungufu. Usihuzunike: hata kutoka wati 100 hadi 350 ni kama desibeli 5 tu, na sikio linahitaji desibeli kama 10 ndipo liseme sauti imekuwa mara mbili. Kinachonifanya nipende wati nyingi kwa besi ni kitu kingine. Ukivuta waya kwa ghafla, ampli ndogo inakabwa na noti inakatika. Kubwa inabaki na pumzi. Kwaya yenu ikiwa na ngoma za kizungu na kinanda, ile kombo ya wati 100 itakuwa inakimbia huku ulimi nje kila Jumapili. Mwaka kesho mkipata bafle ya pili ya omu 8, mbili pamoja zinakuwa omu 4, na hapo Hartke itatoa zote. Bafle mbili za omu 4 usizichomeke pamoja. Zinakuwa omu 2, na transista zitalia.

Lakini hiyo bafle ya zamani, umeiamini kwa maandishi tu? Ifungue nyuma. Chukua betri ya redio, ile ya volti 1.5, gusisha waya zake mbili kwenye ncha za spika. Koni iruke "tup" na isimame. Ikikwaruza, koili imeungua au imepinda. Mwenye multimita apime: omu 8 halali husoma kama 6 hivi, usishtuke. Ikisoma sifuri au isisome kabisa, basi hela ya Hartke ibaki mfukoni mpaka upate spika.

Umeme. Hapa ndipo ampli nyingi za mji huu zinapofia, na mimi ndiye ninayezizika. Kwanza soma nyuma ya ampli. Iliyotoka Marekani huandikwa volti 120, na prizi yetu ni 220; ukiichomeka hivyo hivyo, omba fyuzi iwahi kuliko transfoma. Iliyoandikwa 230 ni ya kwetu. Pili, saa moja jioni, mtaa mzima ukiwa unapika kwa resho, yale majiko ya umeme, umeme wa bwawa la Ruzizi ukifika kwenu umeshachoka. Nimewahi kupima 160 kwenye prizi ya kanisa. Kwenye ampli ambayo moto wa lampi unatoka moja kwa moja kwenye transfoma, lampi inayotaka volti 6.3 itapata kama 4.6. Inapoa, sauti inasinyaa, mpiga besi anaongeza vitufe vyote, halafu umeme unarudi kwa kishindo. Wengi wanaoniletea ampli wanaanza hadithi yao hapo hapo: "Mzee, ulirudi kwa nguvu."

Kwa hiyo chukua Hartke, kama imepita lile jaribio la sekunde thelathini na kama bafle imeruka kwa betri. Chukua kwa ajili ya wati zake na vile vitufe viwili. Lampi ihesabu kama nyongeza. Dola 120 zinazobaki kanunue stabilaiza, na waya wa spika wa kweli, mnene, si ule wa kuchomekea gitaa. Bafle ikikataa kwa betri, chukua kombo, na mikisa iwasaidie. Na umeme ukikatika katikati ya wimbo, kabla ya kupiga makofi ya kusubiri jenereta, zima ampli.

*Mzee, lampi ya preampli inabadilishwa kila baada ya miaka mingapi? Ampli yangu imeanza kulia kama kengele. – Mama F., Goma*

Mama, haina miaka. Ya preampli inaweza kukaa sana, msikubali mtu awauzie mpya kila Krismasi. Ila hiyo kengele naifahamu. Washa ampli, sauti ndogo, chukua kalamu ya risasi, na kwa upande wa kifutio gonga kioo cha lampi taratibu, kama unaamsha mtoto. Tundu lake likiwa ndani ya sanduku, mwachie fundi agonge. Kila lampi ina kasauti kidogo. Ikilia "tiiing" hadi kwenye spika na kuendelea baada ya wewe kuacha, ndiyo hiyo. Badilisha hiyo moja tu.