Ukikutwa na Wenzako: Maswali Yenu Kuhusu Sheria za Magenge

Maswali ya safari hii karibu yote yamezunguka jambo moja: magenge ya mitaani na sheria zinazotungwa kuyakomesha. Nimeyafupisha, nimeondoa matusi, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Wizi ni kosa, kuua ni kosa, kumchoma mtu kisu ni kosa. Sheria ya magenge ni ya kazi gani tena?

Laiti kila mbunge angelijibu swali hili kabla ya kunyoosha mkono. Kosa lenyewe tayari limo katika sheria ya adhabu. Kinachoongezwa ni adhabu ya ushirika: kwamba ulitenda kwa faida ya kundi, ili kundi liogopwe, lipate fedha au lilipize kisasi. Watunzi wa sheria hizi husema genge hutisha mashahidi hata mtuhumiwa akiwa rumande, na akifungwa mmoja anapatikana mwingine wa kushika nafasi yake. Katika hilo siwapingi.

Sheria inayojulikana zaidi ni ya jimbo la California, Marekani, iliyopitishwa mwaka 1988. Genge, kwa mujibu wake, ni kundi la watu watatu au zaidi wenye jina au alama moja, ambalo shughuli zake kuu ni makosa yaliyoorodheshwa. Uanachama peke yake si kosa. Lazima ushiriki, ujue kundi linafanya nini, na uchangie uhalifu wake. Ila nyongeza ya adhabu ndiyo yenye uzito. Kosa kubwa la kawaida likiunganishwa na genge huongezewa miaka 2, 3 au 4. Likiwa zito zaidi, 5. Likiwa la ukatili, 10. Kumpora mtu gari kwa nguvu kwa ajili ya genge kunaweza kukupeleka kwenye kifungo cha maisha, na hutafikiriwa kuachiwa kabla ya miaka 15.

Kwa hiyo vijana wawili wanaweza kutenda kosa lile lile siku ile ile, mmoja akatoka gerezani miaka 10 baada ya mwenzake. Kinachowatenganisha ni neno "genge". Ndiyo maana mawakili hawagombanii sana kosa. Wanagombania neno hilo.

Nani anaamua kwamba mtu ni wa genge? Mpwa wangu alisimamishwa na askari kwa sababu ya kofia tu.

Mara nyingi anayeamua kwanza ni askari, barabarani, kwa vigezo vinavyofanana nchi nyingi: mchoro mwilini, rangi ya nguo, ishara za mikono, mtaa ulioonekana, na watu ulioonekana nao. Ndege wafananao huruka pamoja, ndivyo wanavyosema. Tatizo ni kwamba katika mitaa yenye magenge, karibu kila kijana amesoma, amecheza mpira au ameishi ukuta kwa ukuta na mtu wa genge. Binamu ni binamu.

Majina hayo huingizwa kwenye hifadhidata ya polisi. California wanayo moja kubwa iitwayo CalGang. Mkaguzi wa serikali ya jimbo alipoichunguza mwaka 2016 alikuta watu 42 ambao, kwa tarehe zilizoandikwa, walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja walipoingizwa. Na 28 kati yao walielezwa kuwa *wamekiri wenyewe* ni wanachama! Bila shaka tarehe za kuzaliwa zilikosewa. Lakini kama hakuna aliyestuka kuona kichanga kinakiri, nani alikuwa anasoma rekodi nyingine?

London nako polisi walitengeneza orodha yao mwaka 2012, baada ya ghasia za 2011. Mwaka 2018 mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi ilisema orodha hiyo imevunja sheria, mwaka 2022 majina zaidi ya 1,000 yakaondolewa, na hatimaye ikaachwa kabisa.

Mahakamani mambo ni magumu kidogo kwa upande wa mashitaka, au yamekuwa magumu. Zamani askari alipanda kizimbani kama mtaalamu wa magenge akasimulia chochote alichosikia kwa wenzake. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya California ilizuia hilo: mambo mahususi ya kesi lazima yaletwe na mashahidi walioyajua wenyewe. Kisha sheria ya 2021, iliyoanza kutumika Januari 2022, ikabana zaidi. Faida kwa genge lazima iwe zaidi ya sifa tu. Makosa ya nyuma yanayotumika kuonyesha mwenendo wa genge yasiwe ya zamani mno. Na mshitakiwa akiomba, kwanza iamuliwe kama alitenda kosa, ndipo habari za genge ziletwe. Hilo la mwisho ndilo nalipenda kuliko yote, kwa sababu mtu akishasikia neno "genge" hana hamu tena ya kusikiliza ushahidi wa wizi.

Kuhusu mpwa wako: kofia si kosa. Ila aulize, kwa maandishi, kama jina lake limeandikwa mahali.

Kwa nini polisi wasiruhusiwe tu kuwatawanya vijana wanaozurura kwenye kona?

Chicago walijaribu mwaka 1992. Askari akiona mtu anayedhani ni wa genge amesimama na wengine "bila kusudi linaloonekana", aliwaamuru wote waondoke, asiyetii alikamatwa. Katika miaka mitatu zilitolewa amri zaidi ya 89,000 na wakakamatwa watu zaidi ya 42,000. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta, kwa kuwa raia wa kawaida hawezi kujua ni kusimama kupi kunakoruhusiwa. Kwa kipimo kile, mimi ningelala mahabusu kila jioni ya ujana wangu.

Njia nyingine ni zuio la mahakama: watu hawa, waliotajwa kwa majina, wasikutane hadharani katika eneo hili. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya California iliruhusu zuio la namna hiyo kwa mitaa minne ya San Jose. Lina mipaka, na aliyetajwa anaweza kubisha. Los Angeles walilitumia kwa wingi, wakawabandikia hata watu ambao hawakuwahi kupewa nafasi ya kujitetea, mpaka mwaka 2018 jaji akasimamisha sehemu kubwa ya mazuio hayo.

New Zealand wamefuata njia ya mavazi. Tangu Novemba 2024 ni kosa kuvaa nembo za magenge yaliyoorodheshwa ukiwa hadharani, na polisi wanaweza kutoa amri ya kutawanyika ya siku saba. Faida yake ni kwamba angalau mtu anajua alichokatazwa.

Nilikuwepo tu, sikumgusa mtu. Naweza kufungwa kwa mauaji?

Kuwepo peke yake hakutoshi, lakini kusaidia au kuchochea kunatosha, na mpaka kati ya hayo ni mwembamba. Uingereza, kwa zaidi ya miaka 30, ilitosha kuona kwamba mwenzako huenda akaua. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ilisema sheria ilipotea njia tangu 1984: lazima ithibitishwe kwamba ulikusudia kusaidia au kuhimiza. Kama uko kwenye kesi sasa hivi, acha kusoma safu za magazeti, tafuta wakili.

El Salvador wameyamaliza magenge. Kwa nini nchi nyingine zisiige?

Hili limeulizwa na watu wengi kuliko mengine yote, na baadhi yao wameibiwa au wamezika ndugu. Siwezi kulijibu kwa dharau.

Kilichotokea ni hiki. Mwishoni mwa Machi 2022 waliuawa watu 87 kwa siku tatu. Bunge likatangaza hali ya hatari, ambayo imeendelea kuongezwa mwezi hadi mwezi. Mtu aliweza kuzuiliwa siku 15, badala ya saa 72, bila kufikishwa kwa hakimu. Uanachama peke yake ukawa kifungo cha miaka 20 hadi 30. Wamekamatwa zaidi ya watu 80,000. Mauaji yaliyokuwa zaidi ya 100 kwa kila watu 100,000 mwaka 2015 yameshuka hadi chini ya 2 mwaka 2024, kwa hesabu za serikali. Watu wanatembea usiku. Rais Nayib Bukele alichaguliwa tena kwa kura nyingi mno.

Sasa upande wa pili. Mauaji yalikuwa yameshaanza kushuka: mwaka 2021 yalikuwa takriban 18 kwa kila watu 100,000, na Marekani iliwawekea vikwazo maofisa wa serikali ikidai walipatana na viongozi wa magenge kwa siri. Bukele mwenyewe alisema mwaka 2024 kwamba watu wapatao 8,000 wasio na hatia wameachiwa. Hao ndio waliobahatika. Mamia wamefia kizuizini, kwa hesabu za mashirika ya haki za binadamu. Na kesi zinaweza kusikilizwa kwa mamia ya washitakiwa pamoja, mpaka 900. Hakimu huyo anampima nani?

Na wanaoiga wakumbuke kwamba nchi hiyo hiyo ilijaribu mkono wa chuma mwaka 2003. Michoro ya mwilini ikawa ushahidi, mahakama ikaifuta sheria mwaka uliofuata, na wafungwa wakapangwa kwenye magereza kufuata magenge yao. Viongozi wakapata ofisi za bure. Tofauti ya mara hii ni kwamba serikali imefunga watu wengi kiasi cha kutobakiza wa kupokea amri, na imeondoa mahakama njiani. Anayetaka matokeo hayo aseme wazi kwamba anataka na gharama hiyo, na kwamba mwanawe akichukuliwa kimakosa hatakuwa na pa kukata rufaa. Mimi sitaki.

Shikamoo mwandishi. Nina wavulana watatu. Je, mzazi anaweza kushitakiwa kwa makosa ya mtoto?

Marahaba. Mahali pengine ndiyo. Sheria ile ya California ya 1988 iliongeza kwamba mzazi anayeshindwa kumwangalia mtoto kwa uangalifu unaostahili anaweza kushitakiwa, na mahakama ikaikubali mwaka 1993, ila kwa uzembe uliopitiliza, si kwa mama aliyejaribu akashindwa. Mama, sijaona genge lililovunjika kwa kumfunga mama wa mtu.

Kuna sheria yoyote inayozuia, badala ya kuadhibu?

Kinachozuia huwa ni jinsi sheria zilizopo zinavyotumika. Boston, mwaka 1996, waligundua kwamba mauaji mengi ya vijana yalihusu magenge yenye chini ya asilimia 1 ya vijana wa jiji. Wakawaita hao wachache kwenye kikao: polisi, waendesha mashitaka, viongozi wa dini na watu wa huduma za jamii, meza moja. Ujumbe ukawa mfupi. Mkiua, kundi zima tutalibana kwa kila kosa, hata dogo. Mkitaka kutoka, kazi na msaada ni hapa. Watafiti walikuta mauaji ya vijana yamepungua kwa asilimia 63. Glasgow wakaiga mwaka 2008, vijana wakaitiwa ndani ya chumba cha mahakama.

Angalia kwamba nao waliadhibu kundi. Ila walilionya kwanza, na walijua majina.

Nilikuwa kwenye genge nikiwa na miaka 16. Sasa nina 29 na nina kazi. Jina langu litafutika lini?

Nashangaa jinsi tarakimu 5 inavyopendwa. Japani, ambako sheria ya 1991 haikuharamisha uanachama bali ilibana fedha na biashara, aliyejitoa huhesabiwa bado ni mwanachama kwa miaka 5: hafungui akaunti ya benki, hapati mkataba wa nyumba. California, aliyehukumiwa kwa kosa la genge hujiandikisha polisi kwa miaka 5. Na rekodi ya mtu mzima katika CalGang hufutwa ikipita miaka 5 bila taarifa mpya.

Hapo penye "bila taarifa mpya" ndipo pa kuangalia. Ukisimamishwa na askari ukiwa na rafiki wa zamani, na yeye akajaza fomu, hesabu inaweza kuanza upya siku hiyo. Kwa hiyo usikae kuhesabu miaka kichwani. Andika barua uulize mambo mawili: kama jina lako limo, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa mbele yake.