Kabla ya kuuliza ni sisimizi gani, hakikisha kwanza kama ni sisimizi

Mkuu, umesema mdudu umemwokota usiku chini ya taa: mweusi, hana mbawa, tumbo nene. Unadhani ni malkia wa sisimizi wa kufuga aanzishe kundi, na unataka jina lake na umlishe nini. Picha yako ina giza, kwa hiyo jina sikupi. Nakupa njia ninayoitumia mimi, maana makosa ya hapa nimeyapitia karibu yote.

"Malkia" wangu wa kwanza alikuwa mchwa. Mvua ilikuwa imekatika, wadudu wenye mbawa wametapakaa ukutani, nikamchukua mmoja aliyekwisha kupukutisha za kwake nikamtia kwenye neli ya kioo, maji nyuma ya pamba, kila kitu sawasawa. Wiki mbili nachungulia mayai ya kumbikumbi! Mchwa huanza kiota wakiwa wawili, mfalme na malkia, na mimi nilimtenga mwenyewe na mwenzake.

Tazama kiuno. Sisimizi amebanwa hasa kati ya kifua na tumbo, na vipapasio vyake vimepinda kama kiwiko. Mchwa hana kiuno, na vipapasio vyake vimenyooka kama ushanga uliotungwa. Akiwa bado na mbawa ni rahisi zaidi: za mchwa zote nne zinalingana, za sisimizi zile za mbele zimezidi za nyuma. Halafu hesabu miguu. Usicheke. Kuna buibui wanaoiga sisimizi, na jozi ya mbele ya miguu huipeperusha juu kama vipapasio. Kuna pia nyigu jike asiye na mbawa, mwenye vinyweleo kama mahameli, anayekimbia ardhini kama sisimizi mwenye haraka. Huyo usimguse kwa kidole. Mimi nilimgusa.

Ukiridhika kwamba ni sisimizi, hamia kifuani. Kifua cha malkia kimetuna kwa sababu ndicho kilichobeba misuli ya kurukia, na ubavuni yanabaki makovu pale mbawa zilipokatikia. Wageni wengi hudanganywa na kibarua (sisimizi mfanyakazi) mkubwa mwenye kichwa kama nyundo, lakini kifua chake ni chembamba. Dume ana kichwa kidogo, macho makubwa na mwili mwepesi. Mwachie aende, hana siku nyingi.

Sasa rudi kiunoni, maana hapa ndipo nilipoua malkia mzuri kuliko wote niliowahi kuwapata. Kiuno kina kifundo kimoja au viwili. Viwili, mara nyingi yuko upande wa Myrmicinae, moja ya koo kubwa za sisimizi. Kimoja, tazama tumbo. Kama limefinywa kidogo baada ya pingili ya kwanza na ncha yake ina mwiba, huenda ni Ponerinae, ukoo mwingine. Kama ni laini, halina mwiba, na nchani kuna kitundu cha mviringo kilichozungukwa na vinyweleo, ni Formicinae, ukoo wa tatu, ambamo imo jenasi ya Camponotus.

Wangu alikuwa mrefu, mweusi, kifundo kimoja. Nilikuwa nimesoma kwamba malkia hali kitu mpaka vibarua wa kwanza watoke, nikamfungia gizani bila chakula. Kwa Camponotus ni kweli kabisa: analea kwa akiba ya mwilini, ikiwemo ile misuli ya mbawa. Lakini malkia wengi wa Ponerinae hutoka kuwinda hata wakiwa peke yao. Alitaga mayai saba. Yakawa matano, yakawa mawili, nami nikadhani nahesabu vibaya. Alikuwa anayala. Muda wote alikuwa akizunguka kwenye pamba na kuichokonoa, nami nikaona ni usumbufu wa kawaida. Siku hizi nikiwa na shaka naweka tone dogo sana la maji ya sukari na kipande cha mdudu aliyeuawa, nakiondoa kesho yake. Asiyehitaji hukiacha tu.

Majina ya mtaani yasikupotoshe. Kuna wanaomwita kila sisimizi siafu. Siafu wa kweli, Dorylus, malkia wake hana mbawa maisha yake yote wala haanzishi kiota peke yake; kundi ndilo linalogawanyika. Kwa hiyo "malkia wa siafu" aliyeokotwa mpweke chini ya taa hayupo. Anayekuja kwenye taa ni dume lake, likubwa, la kahawia, tumbo refu kama soseji.

Na anayekutajia spishi kwa picha moja ya simu, mimi simwamini. Camponotus peke yao wana spishi zaidi ya 1,000. Kufika kwenye jenasi kunatosha kukuambia umlishe au umwache.

Mtie kwenye jokofu dakika chache tu apoe, asigande, kisha piga picha tatu kwenye mwanga wa mchana: uso, ubavu, na juu. AntWeb, tovuti ya picha za sisimizi, nao hupanga picha zao hivyo hivyo, utalinganisha bila shida. Weka rula pembeni, andika saa uliyompata na kama mvua ilikuwa imenyesha. Kwa sasa mpe giza na maji, usimfungulie kila saa. Ile ya ubavu ndiyo ninayoihitaji zaidi, iwe karibu kiasi cha kuhesabu vifundo.