Jibu: Mzee auze ng'ombe au asubiri mvua?

Ndugu, umeuliza kama mzee wako huko Kinango, Kwale, auze ng'ombe au asubiri vuli, maana pesa za nyasi unazomtumia kutoka hapa Mombasa zimekushinda. Kwangu mimi, auze baadhi, tena mapema. Ng'ombe akishaanza kuhesabika mbavu, ukimfikisha mnada wa Mariakani dalali humzunguka, humbonyeza mgongo, kisha hutaja bei ya matusi. Na kumrudisha nyumbani huwezi, atakufia njiani. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na wengi waliosubiri waliambulia ngozi.

Abakishe mitamba na majike yanayozaa, aongeze mbuzi. Mbuzi hula majani ya vichaka, hubeba mimba miezi 5 tu, na karo ikidaiwa unauza mmoja bila kutikisa zizi zima.

Shambani, mahindi peke yake ni kamari. Achanganye na kunde, pojo na muhogo.

Hizo pesa za nyasi, mwaka huu weka sehemu kwenye silanga, lile bwawa la kuchimbwa la kukinga maji ya mvua: vijana walipwe watoe tope kabla mvua haijanyesha, si baada. NDMA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti ukame, nao hutoa taarifa ya ukame ya Kwale kila mwezi, isome kisha umpigie mzee simu.

Ila hilo la kupunguza ng'ombe usimwambie wewe. Wazee wetu hawapokei neno hilo kwa mtoto. Mtume mjomba.