Kabla hujafuta "kilema" kwenye sheria ndogo

Kifungu kilisomeka hivi: "Kilema au mtu asiyejiweza hatatozwa ushuru wa meza." Nilikisoma kwa sauti mkutanoni, mimi katibu wa soko, bila hata kusita. Mama mmoja muuza mchicha, anayetembea kwa magongo, akanyoosha mkono.

"Katibu, huyo kilema ni mimi? Na kama sijiwezi, hii meza inaendeshwa na nani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Usiku nikafungua kompyuta, nikaiamuru ibadilishe kila "kilema" kuwa "mtu mwenye mahitaji maalumu". Asubuhi nakuta "vilema" wamebaki vilevile, na pale palipoandikwa "cheti cha ukilema" sasa pana "cheti cha umtu mwenye mahitaji maalumu". Kwa hiyo pitia mstari kwa mstari, kwa macho yako.

Hilo lilikuwa la aibu tu. Kosa kubwa lilikuwa neno lenyewe. Mtoza ushuru aliniuliza: mjamzito je? Mzee wa miaka 80? Wote wana mahitaji maalumu. Neno laini lisilo na mipaka humwachia mwenye kitabu cha stakabadhi aamue nani asamehewe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania, Na. 9 ya 2010, imeshatafsiri "mtu mwenye ulemavu" ni nani, chukua humo. "Asiyejiweza" nililifuta kabisa. Kama unamaanisha maskini, andika maskini.

Ukiwa Kenya una pa kushikia zaidi: ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Anza barua yako ya kuomba mabadiliko na ibara hiyo.

Wengine watakwambia ubaya wote uko kwenye ki-, eti kipofu na kiwete wamewekwa kundi moja na kiti. Mimi nilikuwa naamini hivyo, mpaka nilipotaka kufuta "kiziwi" nikakumbuka CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Jina ni lao, wamelishika. Uliza wenyewe kwanza.

Nami rasimu ya mwisho niliipeleka kwenye meza ya mchicha kabla haijaenda halmashauri. Nilikuwa nimeandika "mtu anayeteseka kwa ulemavu". Mama akachukua kalamu, akakata "anayeteseka".

"Mimi nateseka na bei ya mchicha," akasema.