Swali la lugha: Je, athari ni mabaya tu?

Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari moja wilayani Mpwapwa ameniandikia hivi:

“Shikamoo mzee. Tuliwapa kidato cha tatu insha: ‘Eleza athari za utandawazi kwa uchumi, jamii na utamaduni wa Watanzania.’ Mwanafunzi mmoja akaeleza mazuri yake kwanza, kisha mabaya yake. Mwenzangu aliyesahihisha akampa nusu ya alama na kuandika pembeni: ‘Athari ni mabaya. Faida hukuulizwa.’ Nilimtetea mtoto lakini hoja zikaniishia. Nani yuko sahihi? Na tuseme athari hii au athari hizi?”

Marahaba, mwalimu. Mtoto yuko sahihi, nawe ulifanya vyema kumtetea. Hoja hizi hapa.

Athari tumeitoa katika neno la Kiarabu athar, yaani alama anayoiacha aliyepita, kama unyayo kwenye mchanga. Ukiuona unyayo unajua mtu amepita. Kama alikuwa mgeni mwema au mwizi, hilo utalijua kwa njia nyingine. Maana hiyo bado imo ndani ya neno letu. Soma sentensi hii: “Kiarabu kimeathiri msamiati wa Kiswahili.” Hakuna anayeisoma akadhani Kiswahili kimedhurika. Au mtu akikwambia, “Mwalimu wangu wa darasa la nne ameathiri sana uandishi wangu,” hapo anashukuru.

Hata hivyo naelewa mwenzako alikotokea. Katika taarifa za habari athari huandamana na mafuriko, ukame, dawa za kulevya, magonjwa. Neno likikaa siku nyingi na majirani wa namna hiyo, linaanza kunuka kama wao. Mwathirika ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Tulizoea kusema waathirika wa moto, waathirika wa UKIMWI, hadi neno lenyewe likawa linauma, na sasa kwenye huduma za afya tunasikia WAVIU, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo mwathirika ameshaelemea upande wa mabaya, nami simsahihishi anayelitumia hivyo. Athari yenyewe haijafika huko, na ningesikitika sana ikifika, maana tutabaki bila neno la kutajia kilichobadilika kabla hatujakipima.

Kwa mabaya tunalo neno madhara, na kwa mazuri tuna faida na manufaa. Matokeo nayo yana kazi yake: hutoka kwenye tendo likiisha, ndiyo maana tuna matokeo ya mtihani na matokeo ya mechi. Athari hubaki kwa yule aliyeguswa.

Tuiweke kwenye alizeti, zao ambalo Dodoma na Singida tunalijua kwa jasho. Sehemu kubwa ya mafuta ya kula yanayoingia nchini ni ya mawese, na wauzaji wakubwa wa mawese duniani ni Indonesia na Malaysia. Mawese yakishuka bei huko, au ushuru wake ukipunguzwa bandarini, mwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti huku kwetu naye anashusha bei anayonunulia gunia. Mambo yakigeuka, kama mwaka 2022 Indonesia ilipozuia kwa wiki kadhaa mawese yake yasiuzwe nje, bei hupanda. Hiyo ndiyo athari ya soko la dunia kwa alizeti yetu. Sasa mtazame mkulima wa Kongwa aliyevuna vizuri akakuta gunia halina bei, na ada ya mtoto inadaiwa: kwake ni madhara. Mtazame mama wa Majengo anayekaanga maandazi kwa mafuta ya kupima: siku hiyohiyo yeye amepata nafuu. Athari ni moja, watu ni wawili. Mwanafunzi aliyewaona wote wawili ameelewa somo kuliko aliyemwona mmoja.

Neno utandawazi ni changa, limeungwa kwa tanda na wazi, lakini jambo lenyewe limepita Ugogo, yaani nchi ya Wagogo huku Dodoma, zamani na likaacha nyayo ndani ya lugha. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza nchi hii kavu. Watemi wa Kigogo waliitoza hongo, yaani vitambaa, shanga na waya, ndipo iruhusiwe kupita na kuchota maji. Hongo wakati huo ilikuwa ushuru wa njia, ikijadiliwa na kulipwa mchana kweupe. Leo ukitamka hongo, msikilizaji anaangalia huku na huku, maana limekuwa jina la rushwa. Katika vitambaa hivyo kimoja kiliitwa merikani, kwa sababu pamba yake ilifumwa kwenye viwanda vya Marekani. Jina la nchi ya mbali likawa jina la nguo mwilini mwa mtu ambaye hakuwahi kuiona bahari. Hiyo ni athari kwa maana yake kamili.

Lakini misafara hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliotekwa. Hapa namgeukia anayeandika “athari za biashara ya watumwa” akaishia hapo. Sentensi yake haina kosa la sarufi, ila imelainisha jambo lisilofaa kulainishwa. Pale unapojua kwamba watu waliumizwa, andika madhara, andika dhuluma. Kwa hiyo ukirudi ofisini kwenu, mwambie mwenzako kwamba ukali wake una mahali pake, ila aliupeleka kwa neno lisilohusika.

Jambo jingine ambalo insha za vijana hulisahau ni kwamba nasi huathiri. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alipiga ilimba (ala ya vyuma inayochezwa kwa vidole gumba) na zeze na kuimba kwa Kigogo, na sauti yake ikatolewa Uingereza na kampuni ya Real World. Watu wasiojua Dodoma iko wapi waliisikia. Ukisema “muziki wa Kigogo umeathiri wasikilizaji wa Ulaya”, je, umewatukana Wagogo? Kama athari ni mabaya tu, basi umewatukana.

Kuhusu ngeli, athari iko katika I-ZI: athari hii, athari hizi, athari yake, athari zake. Jambo moja lililobadilika ni athari hii, yakiwa mengi ni athari hizi. Wapo wanaosema “maathari”, waachishe. Madhara huenda na ya daima: madhara haya, madhara yake.

Mkitunga tena swali kama hilo, amueni mnataka nini. Mkitaka pande zote, “eleza athari” inatosha. Mkitaka mabaya peke yake, andikeni “eleza madhara”, na hapo atakayeleta faida akose alama kwa haki. Safari hii lakini swali lilisema athari. Mrudishieni mtoto alama zake.