Madogo wa Ujiji, Livingstone hajafufuka

Juzi nimekaa zangu pale Ujiji kivulini nasubiri wageni wangu wamalize picha, nasikia dogo mpya kwenye kazi yetu ya kuongoza watalii anawaambia wageni wake, tena kwa sauti, "Livingstone is living here." Mzee wa kizungu akaangalia huku na huku akauliza, "Still?" Dogo akajibu "Yes sir", kajiamini kabisa. Jamani! Livingstone, yule mmisionari wa kizungu, kafariki 1873 huko Zambia, mwili ukabebwa mpaka Bagamoyo, leo sisi tunamrudisha Kigoma na -ing. Nilicheka halafu nikaona aibu maana hata mimi nimepita humohumo. Haya sogeeni tuinyooshe hii present ya Kiingereza, lini useme "I eat" na lini "I am eating".

1. Kinachotuponza ni "na" yetu. Ukisema "nyani wanaiba chakula" inaweza kuwa sasa hivi wanaiba au ndo tabia yao, mwenzako ataelewa tu. Mzungu ametenganisha. Kabla hujafungua mdomo ijaribu na "hu": nyani huiba. Ikikaa vizuri basi ni "baboons steal", hizo is na are achana nazo. Ikigoma, ujue ni jambo linatendeka unaliona, hapo ndo "are stealing".

Hii mimi nimeilipia. Mwaka wangu wa kwanza nimepeleka wageni sita Gombe, tumetoka Kibirizi na boti alfajiri, ziwa limechafuka, mama mmoja wa makamo katapika njia nzima. Tumefika wakaweka mizigo vyumbani wakatoka ufukweni kunywa chai. Nikaona niwape maelekezo ya nyani, maana wale ukiacha mlango wazi tu wameingia. Nikasimama kifua mbele: "Please, the baboons are entering your rooms and they are taking your food." Nilimaanisha ndo zao hizo. Wenzangu wakaelewa wako ndani saa hii! Vikombe chini, watu mbio, na yule mama aliyekuwa hoi ndo kaongoza msafara, akateleza kwenye mawe, kifundo cha mguu kikavimba kama embe dodo. Mimi nyuma yao napiga kelele, "No, no, they are not entering, they are entering every day!" Nikazidi kuharibu. Kufika vyumbani hakuna kitu, nyani mmoja yuko juu ya mti anajikuna anatuangalia.

Mama wa watu katoka kwao huko kuja kuona sokwe, siku mbili kakaa barazani mguu kauweka kwenye kiti, wenzake wanarudi mlimani wanamwonyesha picha. Tipu sikupata, bosi akanikata na hela ya dawa, sawa. Kilichoniuma ni jioni yake, aliniita wala hana hasira, akachukua kikaratasi akaandika "enter" huku na "are entering" kule, akanieleza taratibu kama mtoto wake. Ninacho mpaka leo.

2. He, she, it inataka s, na ukishaweka does basi s imehamia huko: "does she eat", sio "does she eats".

3. Know, want, need, belong hazitaki -ing. Ukimwambia mgeni "I am knowing the way" yuko porini na wewe, unadhani atalala? Na "I am having two children" ni kama uko leba, sema "I have". Ila "I am having lunch" ruksa, hapo unakula.

4. Ratiba hata ya kesho inakubali present ya kawaida, ile isiyo na -ing, "the boat leaves at six". Na six yao ni saa kumi na mbili yetu! Kuna mmoja wenu aliwatokea wageni saa sita mchana, wamekaa Kibirizi tangu alfajiri wananuka dagaa, sitamtaja, anajijua.

Yule dogo wa Livingstone nilimvuta pembeni nikamweleza yote haya nusu saa nzima, akatikisa kichwa kwa adabu akaniambia, "Asante kaka, now I am understanding."